Wageni Waliopanda Dungu la Mama Kabula

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za gari ofisini, na kabla sijafika getini vijana wawili wa karakana walikuwa wameshaanza kugombea kiti changu. Sina kinyongo. Kiti chenyewe kimebonyea upande wa kushoto, na atakayekirithi atarithi na kiuno changu. Wenzao waliobaki na adabu waliniomba niandike jinsi kazi hii ya kuzungusha wageni ilivyoanza huku kwetu Bariadi, Maswa na Meatu, wakati bado tunahesabiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga na hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima anaweza kufunga safari kutoka Ulaya kuja kutazama ndege wadogo. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa na vikaondoka mapema.

Kabla ya wageni nilikuwa dereva wa lori la pamba katika chama cha ushirika. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani yao na malori yao, na malori yetu yakabaki yamesimama juu ya mawe. Tukaambiwa tukapumzike nyumbani mpaka tutakapoitwa. Mimi naendelea kupumzika. Nyumbani kwangu ni Nyalikungu, Maswa mjini, na pale sokoni nikaanza kuuza mitumba. Nafungua robota alfajiri, nahesabu mashati, halafu nahesabu tena, maana mashati yana tabia ya kupungua yakitazamwa na watu wengi.

Siku moja alikuja mzee mmoja mrefu kununua buti. Huyo ndiye Mzee Masanja, dereva mkuu wa kampuni ya utalii iliyokuwa imefunguliwa Mwanza na mtu aliyenunua Landrova mbili kuukuu kwenye mnada. Tulivutana bei tangu asubuhi hadi wenzangu wakaanza kufunga meza. Mwisho akaziweka buti chini.

"Kijana," akasema, "buti sizitaki tena. Nautaka huo mdomo. Gari unajua?"

Nikamwambia gari najua, na buti vilevile azichukue. Alizichukua, kwa bei yangu.

Siku ya kwanza kazini hakunipa usukani. Alinitolesha vifaa vyote garini, nikavipanga chini, nikavitaja kimoja kimoja, nikavirudisha: jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya kuinulia gari, mnyororo, mbao mbili nene, sepetu, panga, pampu ya mguu, vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia kila kitu ambacho kiwanda hakikufikiria. Kisha akanipeleka kwenye mbuga, kwenye tope letu lile jeusi, akaliingiza gari kwa makusudi likazama hadi ekseli, akakaa pembeni kula michembe yake, viazi vikavu, akinitazama. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ubao unatangulia na jeki inafuata. Ukisimamisha jeki kwenye tope tupu, jeki ndiyo inashuka chini na gari linabaki linakuangalia. Nyie wenye magari ya siku hizi mtacheka. Mcheke mkiwa barabarani.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuhesabu wageni kabla ya kuwasha gari na kuwahesabu tena baada ya kuwasha, kwa sababu mlio wa injini huwakumbusha choo. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mzaha. Mwaka wa pili nilirudi nyuma mwendo mrefu kumfuata bwana mmoja aliyekuwa amesimama kando ya njia, suruali ameifunga vizuri, akitupungia mkono kana kwamba anatuaga.

Jambo la tatu ni salamu. Mimi kwa biashara yangu ya sokoni nilizoea kuingia kwenye bei moja kwa moja. Mzee Masanja alinitoa huko. Ukifika kijijini kuomba mahali pa kupiga mahema, maji na kuni, unaacha gari mbali, unakwenda kwa miguu, unasalimia mwangaluka, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, unakunywa utakachopewa, na kama gari linawaka moto kule nyuma, basi liwake taratibu mpaka salamu ziishe. Baada ya hapo bei hujileta yenyewe. Nikawa mtu wa mipango wa kampuni: Mzee Masanja anaendesha gari la kwanza, mimi la pili, na kokote panapohitaji mdomo natangulizwa mimi. Alipostaafu, gari la kwanza likawa langu.

Wageni wetu walikuwa wa aina mbili. Wageni wa simba wanataka mwendo. Wageni wa ndege wanataka usimame, na usimame sasa hivi, na uzime injini, na usikohoe. Ndege mimi niliwajua kwa makundi mawili tu: wanaoliwa na wanaokula. Lakini ukisimama pamoja na watu wa namna ile miaka kadhaa, macho yanafunguka. Nikajifunza kumtambua karani tamba akiwa mbali kwa mwendo wake wa bwana shamba aliyekuja kukagua. Nikamjua tandawala na chozi, na nikaweza kusema pale, kushoto kwa mgunga uliokauka, tawi la chini. Wageni wakishangilia, nami nashangilia. Sehemu ya furaha yangu ilikuwa kwamba sasa tungeruhusiwa kuondoka.

Kazi ngumu kuliko zote nilizopata haikuwa na simba wala mto uliofurika. Ilikuwa ya wageni wanane wa ndege, wazee watupu wa kanisa moja la huko kwao, wakiongozwa na mwanamke mmoja mstaafu tuliyemwita Mama Ingiridi. Huyu zamani alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni nchini kwetu, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha wodini. Ukimsalimia alikujibu, halafu macho yake yanakushuka kifuani kama anakusikiliza mapafu.

Safari yao ilikuwa ya hisani. Kule kwao kila mmoja alikuwa amepita kwa ndugu na majirani akiomba ahadi: kwa kila aina ya ndege nitakayoiona Tanzania, utatoa kiasi fulani. Fedha yote ilikuwa ya kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Ngulyati, ambacho hakikuwa na chumba cha namna hiyo. Wajawazito waliokuwa na mashaka walipelekwa Bariadi mjini juu ya baiskeli. Kwa hiyo ndege mpya mmoja alikuwa bati, mwingine mfuko wa saruji. Nilipoelezwa hivyo, na mimi nikaanza kutazama juu.

Ndege waliyemtaka kuliko wote alikuwa kwale wa kifua cha kijivu, ambaye walisema duniani kote hapatikani ila pande hizi zetu. Mimi nilikuwa nimeshamla, lakini nilinyamaza. Mzee Petro, fundi saa mstaafu, mrefu kama mlingoti, alikuwa amekuja na redio kaseti ndogo na mfuko wa kaseti alizorekodi sauti za ndege. Ya kwale ilikuwamo. Ukiipiga asubuhi kwenye majani marefu, kwale wa kweli anadhani ni mwenzake amemwingilia mji, anatoka kuja kugomba. Mpango ulikuwa tukae kijijini siku mbili, tuone zahanati, kisha tuingie porini upande wa Meatu kwa siku zote zilizobaki. Huko ndiko orodha yao ingenenepa.

Siku ya pili kijijini Mzee Petro akaniomba mahali palipoinuka karibu na maji, atazame yangeyange na korongo bila kuwashtua. Nikaona majaruba ya mpunga kando ya mto, na katikati yake dungu: jukwaa la nguzo, refu kunipita, lina kivuli cha majani. Nikauliza la nani. La Mama Kabula, nikaambiwa, yule pale anayekata viazi vya michembe.

Mama Kabula alikuwa mwanamke mkavu wa makamo, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mumewe alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda Rukwa kutafuta malisho, na tangu aende hakuna habari iliyorudi. Binti yao, Kabula, alikuwa na mimba kubwa. Mpunga ule, uliokuwa umebakiza siku chache ukatwe, ndio uliokuwa chakula chao hadi mwaka mwingine. Pamba walikuwa hawakulima, hapakuwa na mikono. Haya yote niliyapata kwenye salamu, kwa sababu nilisalimia kama nilivyofundishwa.

"Mwangaluka mayu," nilimwambia, yaani nimempa heshima ya mama, na baada ya mengi nikafika kwenye dungu. Akauliza wageni ni wangapi. Saba, nikasema, maana wa nane, Mama Ingiridi, angekwenda mjini nami. Akauliza kama wana nguvu. Nikamwambia wamepanda mlima wiki iliyopita. Akauliza kama macho yao mazuri. Nikacheka, nikamwambia wana darubini, wanamwona ndege kabla ndege hajajiona mwenyewe. Akaridhika sana. Nilikuwa nimeandaa bei ya kuanzia, na juu yake bei ya kukubali, na juu yake bei ya aibu. Hakutaka hata moja. Alitaka kitu kimoja: kwa kuwa nakwenda Bariadi kununua dizeli, nimchukue yeye na Kabula kwenye kliniki ya wajawazito, niwarudishe. "Wao wapande," akasema. Basi.

Niliondoka pale najipongeza. Dungu zima bila senti.

Tukaondoka mapema, Kabula mbele na mimi, Mama Kabula na Mama Ingiridi nyuma. Safari ya mjini alikuwa nayo tangu mwanzo, lakini mkunga hawezi kuona tumbo linakwenda kliniki asilifuate hadi ndani. Njiani Mama Kabula aliegemea, akafumba macho, akasema leo amepumzika kwa mara ya kwanza tangu mpunga utoe masuke. Nilidhani anasifu viti vya Landrova. Hakuna mtu amewahi kuvisifu, ningepaswa kushtuka.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mkulima wa huko analijua kiasi kwamba halisemwi. Dungu si mahali pa kukaa. Dungu ni zamu. Anayepanda dungu anaamia ndege: anapiga kelele, anatikisa kamba zenye makopo, anarusha udongo kwa kombeo, tangu kunakucha hadi jua lizame, ili kwelea kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka kwa makundi, wasitue. Ukimwona mtu juu ya dungu humwulizi anafanya nini pale, kama usivyomwuliza mtu aliyeshika usukani. Mimi ni mtoto wa mjini, dungu nimeliona kwa dirisha la lori. Wageni nao, kazi waliyoijua ya kufanya mbele ya ndege ni moja tu, kunyamaza. Mama Kabula alikabidhi shamba lake kwa vibarua saba wenye nguvu na darubini, akaenda kliniki na moyo mweupe.

Tuliporudi ilikuwa mchana. Tangu mbali niliona kitu kama moshi juu ya majaruba, kinapanda, kinageuka, kinashuka chote kwa pamoja. Mama Kabula alikiona kabla yangu. Alifungua mlango gari likiwa bado linakwenda. Alikimbia juu ya matuta akipiga kelele ya kuamia, na kule juu ya dungu Mzee Petro aligeuka, uso umejaa furaha, akaweka kidole mdomoni kumwomba anyamaze.

Kwelea waliinuka. Mlio wa mabawa yao ulikuwa kama wa lori linalomwaga changarawe. Wageni watatu walikuwa juu, wanne chini kwenye kivuli, na walikuwa wamekaa vile tangu asubuhi bila kukohoa. Mashamba ya jirani yote yalikuwa na watu wanaopiga kelele. Kila ndege aliyefukuzwa kwingine alikuja penye ukimya. Wageni walisema hawajawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Masuke ya mpunga yaliyojaa huinama. Katika majaruba yote yaliyozunguka dungu masuke yalikuwa yamesimama wima.

Mama Kabula alipita katikati yake akivuta suke moja moja kwa vidole. Kisha akarudi chini ya dungu, akamwambia Mama Ingiridi, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Hebu waulize. Walikuwa wagonjwa?"

Mama Ingiridi hakuelewa swali. Mimi ndiye niliyeelewa, hapo hapo, jambo lote kwa mkupuo mmoja, na nikatamani jeki isimame bila ubao initeremshe. Nikamweleza Mama Ingiridi dungu ni nini. Akawaeleza wenzake. Mzee Petro alishuka ngazi polepole, akaivua darubini shingoni, akawa hajui pa kuiweka.

Jirani mmoja aliyekuja kutazama nilimwuliza kwa nini hakuja kusaidia, wakati alikuwa anaona. Akasema miaka ya nyuma serikali ilikuwa inaleta eropleni kumwaga dawa ya kwelea, na tangu eropleni iache kuja wanangoja mtaalamu. Walipowaona wazungu wameelekeza vyombo vyao kwa ndege na hawataki kelele, walidhani darubini ndiyo dawa. Walikuwa wanangoja ndege waanze kudondoka.

Wageni wakachanga fedha kwenye kofia, wakanipa nikapatane fidia. Aibu yangu ni kwamba mdomo ulianza wenyewe kwenye bei ya chini, kwa mazoea. Mama Kabula aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Baba, tulia," akasema. "Hiyo hela nitanunua mpunga kwa nani? Watu wote hapa wananyang'anyana na ndege. Mwingine bado upo, haujakomaa kukatwa, na hawa ndege wamejua njia, kesho wanaleta na mashemeji. Kabula hawezi kupanda ngazi. Mimi siwezi kuwa juu na chini. Watu wangu wa dungu hawajamaliza zamu."

Huo ndio utaratibu wao. Ukipanda dungu la mtu umechukua kazi hadi siku ya kukata, na siku hiyo unapimiwa mpunga wako. Yeye hakuona sababu ya kuubadilisha kwa kuwa kibarua ana pua ndefu.

Mama Ingiridi alitafsiri, na pakawa na mazungumzo marefu ambayo sikuyafuata, ila niliona vidole vikielekea Meatu. Baadaye alinieleza. Mwanamke mmoja wao, aliyekuwa anatunza orodha ya ndege, alisema, na wala si kwa roho mbaya, kwamba siku zile porini ndizo zenye kwale na ndege wengine wengi wapya, na kila ndege ni bati. Kukaa kwenye mpunga kutazama kwelea tu ni kuwanyang'anya akina mama wa kijiji paa lao. Ilikuwa hesabu sahihi. Niliirudia mara mbili kichwani, ikatoka vilevile.

Mama Ingiridi akasema kwa Kiswahili, akimtazama Kabula aliyekuwa ameketi juu ya tuta, miguu ameinyoosha: "Tumekuja kujenga chumba huyu azalie. Akizaa hana chakula, tutampa bati atafune?"

Nilikwenda misheni ya karibu kumpigia bosi kwa redio koli. Nilimweleza. Katikati ya mikwaruzo akasema wageni wamelipia pori na kibali hakirudishwi, iweje mimi nimewageuza vibarua. Nikamwambia wamejigeuza wenyewe, mimi nimebaki dereva. Akasema nikirudi Mwanza tutaongea. Tuliongea.

Asubuhi iliyofuata wageni walikuwa majarubani kabla ya jua. Nyapara wao alikuwa Kabula, amekaa kwenye kivuli, tumbo mbele, fimbo mkononi, akielekeza kulia, kushoto, wale pale, umelala wewe. Shida kubwa ilikuwa Mzee Petro. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kunong'ona mbele ya ndege. Kundi la kwanza lilipokuja alisimama wima juu ya dungu akasema "shuu," kama mtu anayemfukuza paka wa mwenye nyumba.

Kabula alicheka mpaka akashika mgongo. "Huyo babu anawafukuza au anawaomba radhi?"

Mama Ingiridi akatafsiri bila huruma. Mzee Petro akawa mwekundu, akavuta pumzi, na kilichomtoka hata yeye kilimshtua. Kundi likapinda angani. Kuanzia hapo hakushushika. Wenzake waligawana: wawili kwenye kamba za makopo, wengine kwenye matuta wakipiga sufuria zangu, ambazo zilirudi zimebonyea zote na nikazieleza ofisini kama ajali ya barabarani. Yule mama wa orodha alisema hawezi kufukuza ndege, roho inamkataa. Akachukua kazi ya kupika, na baada ya chakula cha kwanza kila mtu alimsihi ajaribu tena kufukuza ndege.

Hata hivyo upande wa mto, penye majaruba mazuri yaliyobaki, ndege walikuwa wanatupita. Watu hawakutosha. Majirani walikuwa wametega kwao utepe wa kaseti: unauchomoa kwenye kaseti, unaufunga kwenye vijiti kukatisha shamba, upepo ukipita unavuma na kumetameta, kwelea hawaupendi. Mama Kabula alikuwa ametumia kaseti yake moja ya kwaya na ilikuwa imekatika vipande. Akaniuliza kama garini ninazo. Ninazo mbili, nikampa, hazikufika mbali.

Mzee Petro alikuwa ametutazama. Akaenda kwenye hema lake, akarudi na ule mfuko. Alizitoa moja moja, akisoma kila jina kabla ya kunipa: bundi wa aina hii, kozi wa aina ile. Mikono ya fundi saa haiharaki. Alifungua kila kaseti kwa bisibisi ndogo, hakuvunja hata moja. Alipofika kwenye ya kwale alisimama. Bila ile kaseti kwale asingetoka majanini, hata kama bosi angetuongezea siku ya pori. Niligeukia upande wa mto ili asinione namtazama. Nilipogeuka tena alikuwa amechuchumaa kwenye tuta anafunga ncha ya utepe kwenye kijiti, fundo dogo nadhifu.

Ule utepe ulivuma mchana kutwa. Haukutoa sauti ya kwale wala ya ndege yeyote. Kwelea walikuja, wakaelea juu yake, wakaenda kusumbua ng'ambo.

Niseme hapa habari ya chumba, maana mtauliza. Pori hatukufika. Orodha yao ilikuwa nyembamba, kwale hakuwamo, na Mama Ingiridi aliporudi kwao aliwaambia wachangiaji ukweli wote. Wengine walitoa kama walivyoahidi, ndege kwa ndege, wengine wakaongeza kwa ajili ya kelele. Haikutosha mara ile. Msimu mmoja kuta zilisimama bila paa, wajawazito wakaendelea kupanda baiskeli, na Kabula mwenyewe alijifungulia Bariadi, salama, mtoto wa kiume. Bati zilifika baada ya mavuno mengine. Kwa hiyo yule mama wa orodha alikuwa na haki yake, na siku hizi nikisimulia kisa hiki simwachi nje.

Siku ya kukata walikuja wanawake wa jirani kwa zamu zao za kusaidiana, na visu, wakiimba. Wageni walibeba miganda. Mpunga ulipigwa juu ya turubai, ukapepetwa, na Mama Kabula akaupima kwa debe akiwa peke yake, hakutaka mtu amsemeshe. Sote tulisimama tunamtazama mdomo. Alipomaliza alifuta mikono.

"Utatufikisha kwenye mtama wa mwakani," akasema.

Mama Ingiridi alikaa chini pale pale kwenye makapi.

Kisha Mama Kabula akachukua bakuli la bati, akaita vibarua wake wapange mstari. Wageni waliposikia wanapimiwa mpunga, walikataa wote kwa pamoja. Walisema wameshamlia chakula chake mara moja, hawawezi kumlia mara ya pili. Wakanituma mimi. Nimepatana mengi, lakini hiyo ndiyo siku pekee niliyotumwa nikapatane watu wangu wasipewe kitu, na nilishindwa. Nilijaribu huruma, nikajaribu wingi wa mizigo yao, nikajaribu sheria za uwanja wa ndege.

"Baba," Mama Kabula akanikata, "nisipowapa watakwenda kwao waseme walikuja kunisaidia. Mimi sikusaidiwa. Mimi niliweka watu wa dungu. Wapange mstari."

Nikawarudishia maneno hayo kama yalivyo, na Mama Ingiridi akayatafsiri. Wakapanga mstari, wazee wale, kila mmoja na alichonacho: sufuria, leso, kikombe cha chai. Mama Kabula alimpimia kila mmoja bakuli moja, akalisawazisha kwa kiganja, na kila mmoja akapokea kwa mikono miwili kama walivyowaona wanawake wa jirani wakipokea. Hata mpishi alipata.

Mzee Petro alikuwa wa mwisho. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa kwa siku zile za kupiga kelele. Alikinga kofia yake. Alipomiminiwa alifungua mdomo kusema wabeja, neno la shukrani alilofundishwa na Kabula, na hakikutoka kitu, midomo tu.

Mama Kabula aliitazama ile kofia kwa muda. Kisha akaingiza mkono ndani yake, akachota konzi moja, akairudisha kwenye debe.

"Hii ni ya asubuhi ile," akasema. "Imekwisha."

Mama Ingiridi akafungua mdomo kutafsiri, lakini Mzee Petro alikuwa ameshaelewa. Alitikisa kichwa kukubali, na akaendelea kuikinga kofia mbele yake, wazi, ili kama kuna konzi nyingine achote. Mama Kabula akaisukuma ile kofia kifuani kwa mzee kwa vidole viwili, akainamia turubai kuokota punje zilizobaki.